Yai la Mtani

Saa kumi na robo alasiri, harufu ya pumba za mpunga iliingia uwani kwetu kabla ya mtu aliyeibeba. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anakunja mswala. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni nikifunga pilipili manga katika vipande vya gazeti, kijiko kimoja kila kipande, kwa ajili ya meza yake ya barazani. Nyumba ile ya Kariakoo ilinuka viungo kuanzia mlango wa mbele hadi chooni: iliki, mdalasini, karafuu, bizari, na juu yake vumbi la mtaani na jasho la watu wa mikokoteni waliopita wakipiga mluzi kuomba njia. Pumba hazikuwamo katika harufu hizo. Pumba zilikuwa harufu ya Rufiji, ya mashine ya kukoboa mpunga na ya banda la bata nyuma ya nyumba ya mama. Nilipoinusa nilisimama wima, pilipili zikamwagika sakafuni, nikidhani mama mwenyewe amefika.

Aliyetokea koridoni alikuwa Saidi, kondakta wa basi la Utete, taulo shingoni, katoni ya sabuni mikononi, imefungwa kwa kamba ya mkonge. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaweka katoni chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Alisema ni mzigo wangu kutoka kwa mama, mayai ya bata yaliyofukiwa katika pumba, na kwamba aliuweka chini ya kiti cha nyuma kabisa, juu ya tairi, mahali ambapo usingeweza kuanguka hata basi lingelala ubavu. Alijivunia hilo, na kweli haukuanguka. Lakini barabara ya Utete ya miaka ile ilikuwa mashimo na mchanga tangu alfajiri hadi alasiri, na kitu kilichokaa juu ya tairi la nyuma kilipigwa kutoka chini kutwa nzima kama ngoma. Sisi wote pale uwani tulitazama kama kuna yai lililovunjika. Hakukuwa na hata moja. Tukamshukuru Mungu, tukaona mzigo umefika salama.

Nilimuuliza Saidi mama amesemaje. Alijifuta uso kwa taulo, akanitazama, akajifuta tena.

"Amesema uyatotoleshe," alisema. "Vifaranga wakitoka, atakuja kuwaona."

Ni lazima nieleze maneno hayo yalikuwa na uzito gani. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nimeletwa mjini baada ya wazazi wangu kuachana. Baba alikuwa dereva wa lori la mizigo, akichukua makontena bandarini na kuyapeleka mpakani Tunduma, na alipopita nyumbani alilala usiku mmoja au miwili, akaondoka kabla sijazoea sauti yake. Kwa hiyo nilikaa na dada yake. Shangazi hakuwa na mtoto. Alinilisha, alinivisha, alinisuka nywele kila Ijumaa, lakini alikuwa mtu wa maneno machache, na baada ya sala ya isha nyumba ilinyamaza kabisa. Shuleni watoto waligundua siku ya kwanza kwamba nazungumza kwa lafudhi ya kwetu. Waliniita Mrufiji, na kila asubuhi mmoja wao aliniuliza kwa adabu kubwa, "Shikamoo Mrufiji, mamba hawajambo?" Wengine wakacheka. Nilijifunza kutembea kandokando ya ukuta. Tangu niletwe mama hakuwa amefika, wala sikuwa nimesikia kwamba atafika. Sasa nilikuwa nimepewa njia ya kumleta. Ilikuwa ndani ya katoni ya sabuni.

Shangazi naye aliyachukua maneno ya Saidi kama yalivyo. Mama alikuwa wifi yake, walipendana, na talaka ya kaka yake haikubadilisha hilo. Jioni ile ile alianza kuhesabu kwa sauti atakachompikia, na atamlaza wapi, na kwamba ni lazima aandae nauli yake ya kurudia. Kwa watu wa pwani wa rika lake, mgeni aliyekuja kwa gharama yake hakuachwa arudi kwa gharama yake. Nauli ya kurudia ilikuwa juu ya mwenyeji, na ilitengwa mapema, kabla mgeni hajafika, ili isije ikatumika.

Chumba cha mbele alipanga Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, aliyeuza magunia yaliyotumika pale sokoni. Shangazi alikuwa Mzaramo. Kwa hiyo walikuwa watani, na katika muda wote nilioishi nao sikuwahi kuwasikia wakiambiana neno la kawaida. Alirudi jioni ile akakuta katoni imefunguliwa uwani.

"Mtani, leo mmeletewa chakula cha watu," alisema. "Nilishachoka kusikia harufu ya majani."

"Pita na magunia yako," Shangazi alimjibu bila kuinua uso. "Babu yako alikuja pwani na mzigo wa watu kichwani, na wewe mpaka leo hujautua."

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha alichuchumaa, akaniuliza ninataka kufanya nini na mayai, nikamweleza yote, na habari ya mama pia. Aliacha kucheka. Alinyanyuka akaenda kuchukua tochi yake.

Tochi ile ilikuwa chombo chake cha kazi. Mchana kutwa aliiingiza ndani ya magunia, akafunga mdomo wa gunia kwa mkono, akatazama kwa nje mwanga unapopenya. Hivyo ndivyo alivyojua gunia la kushonwa na gunia zima, na bei ya kila moja. Aliniambia gunia ukilimulika kwa ndani tundu linajisema lenyewe, na hakuona kwa nini yai lisijiseme. Tukaingia stoo, chumba kidogo kisicho na dirisha ambamo Shangazi aliweka viungo na yeye akaweka magunia, tukafunga mlango. Akaweka yai la kwanza kwenye mdomo wa tochi.

Yai liliwaka lote, rangi ya machungwa, na ndani yake niliona doa jepesi lenye ukingo kama wa kikombe. Mzee Maganga alipolilaza yai, doa lile lilikimbia. Lilitoka kwenye kitako likapita chini ya ganda mpaka ubavuni, na alipoliinua likarudi, kama lile povu linaloteleza ndani ya pima maji ya fundi mwashi.

"Huyo hapo anatembea," alisema kwa sauti ya chini.

Nilimwomba anionyeshe tena. Shangazi aliitwa. Alitazama naye akasema "Subhanallah," akalishika yai kwa mikono miwili. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona ndani ya yai. Tulimulika yote kumi na manne. Katika mayai tisa doa lilikimbia. Katika matano lilikaa kwenye kitako butu pale pale, hata uligeuze yai vipi, likatulia kama limegandishwa.

"Haya matano yamekufa," Mzee Maganga alisema, na alikuwa na huzuni ya kweli. Akampa Shangazi ayapike.

Usiku ule tulikula mayai manne yaliyokufa. Shangazi aliyachemsha, akayamenya, akayaunga kwa tui zito na kitunguu, tukala na wali. Viini vyake vilikuwa na ile rangi nzito ya mayai ya kwetu, ya bata wanaokula konokono na majani ya mtoni. Nilikula nikiwaza wale tisa walio hai. La tano Shangazi alilibakisha bichi, fungu la mtani, aliyekuwa amerudi sokoni kufunga kibanda chake. Aliliweka ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, kitako butu juu, mbele ya mlango wa mtani, akasema kwa sauti ili wapangaji wengine wasikie kwamba mpishi wake yuko Tabora.

Kitotoleo changu kilikuwa katoni ile ile ya sabuni. Chini nilitandika maranda ya mbao kutoka kwa seremala, katikati ikaning'inia taa ya umeme, pembeni sahani ya maji, juu blanketi. Joto nililipima kama mama alivyonifunza kupima yai lililotoka chini ya bata: unalibandika juu ya kope lililofumbwa, na kope likilikubali, limepata joto linalotosha. Umeme ulipokatika Shangazi alinipa kandili, nami nikakaa karibu kuhakikisha blanketi halishiki moto. Mayai yangu tisa niliyalaza ubavu kwa mstari. Nilikuwa nimewaona bata wa mama wakiyageuza yao kwa mdomo, kwa hiyo nami niliyageuza, asubuhi kabla ya shule, mchana niliporudi, na kabla ya kulala. Kila mara nilimulika moja au mawili. Kila mara doa lilikimbia, na kila mara nililala nimeridhika.

Mzee Maganga alikuta kazi hiyo imeshaanza. Aliingia stoo na kikombe chake mkononi.

"Maiti wangu naye anasikia baridi," alisema. "Mpishe."

Nilimwambia hakuna nafasi, na kwamba lake halitembei. Alikiweka kikombe kwenye pembe ya katoni, yai limesimama ndani yake. "Hata maiti wa Kinyamwezi," aliniambia, "ana nguvu kuliko mzima wa Kizaramo. Mwambie shangazi yako nimesema hivyo." Nilimwambia, na Shangazi alituma jibu ambalo siwezi kuliandika. Tangu siku ile, kila alipoingia kuchukua magunia asubuhi, aliegemeza kikombe upande mmoja, na kila aliporudi jioni alikiegemeza upande wa pili. Alikuwa akimuuliza maiti wake kama amelala vizuri.

Wiki zile nilizipitia ndani ya stoo. Sikuwa na rafiki wa kuniita nje, na sasa nilikuwa na sababu ya kutotoka. Nilikaa juu ya magunia, mwanga wa njano ukipenya kwenye mikunjo ya blanketi, nikasikia mtaa ukipita upande wa pili wa ukuta: magurudumu ya mikokoteni, muuza kahawa akigonga vikombe, watoto wenye majina niliyoyajua wakiitana kwa ajili ya mpira wa makaratasi. Sikuyasemesha mayai. Nilimpanga mama. Nilijua atakapokaa, upande gani wa mkeka, na kanga gani atavaa. Nilijua atalala kitandani kwangu, mimi upande wa ukutani. Nilijua nitamfungulia blanketi polepole, na yeye atasema jina la bata aliyetaga kila yai, kwa sababu aliwajua bata wake mmoja mmoja. Jambo moja tu sikulipanga, nalo ni kuondoka kwake. Shangazi ndiye aliyekuwa akilifikiria hilo. Siku moja alirudi kutoka dukani na doti ya kanga mpya, nyekundu na nyeusi, zawadi ya wifi. Alifunga noti kwenye pindo, akalikaza fundo kwa meno, akaiweka kanga juu kabisa ya kabati.

Harufu ndiyo iliyoanza. Kwanza nilidhani ni stoo yenyewe, kisha nikajua. Shangazi aliingia siku moja nikiwa nimeshika yai, akavuta pumzi mara moja tu.

"Zena, hilo limeoza, mwanangu."

"Linatembea, Shangazi."

"Ni maji hayo yanayotembea."

Nilimmulikia aone. Doa lilikimbia kama kawaida, lakini sasa yote yaliyobaki ndani yalikuwa kama tope, na tope lile nalo lilikimbia. Alilichukua mkononi mwangu, akalifunga ndani ya gazeti. Hakunigombeza. Yai la pili lilipasuka lenyewe siku nikiwa shuleni, na wapangaji walilalamika. La tatu na la nne yalikuwa na duara la damu ambalo halikukua zaidi. Kila nililolitoa nilimwambia Shangazi bado kuna mengine, na alikubali, akarudi barazani kwenye viungo vyake. Hatimaye yalibaki matatu mazito, yenye giza, ambayo niliamini kabisa. Siku zake zilipita. Hayakulia, hayakugonga. Shangazi aliyapasua mwenyewe uwani akiwa amenipa mgongo, lakini nilichungulia. Bata walikuwa wamekamilika, wana manyoya na kucha na midomo, wamejikunja, vichwa vimeelekea pasipo na hewa. Aliwafunika kwa jivu la jikoni.

Ilikuwa Jumamosi. Aliniambia niizime taa, umeme si wa bure. Nilimwomba tumsubiri Mzee Maganga, kwa kuwa na yeye alikuwa na lake.

"Lile? Lile lilikufa siku lilipofika," alisema.

Nilirudi stoo kuzima taa. Nilishika waya, nikasimama kidogo, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Hapo ndipo niliposikia mkwaruzo, kama mtu anayepitisha ukucha ndani ya kikombe. Ulitoka kwenye pembe. Nililitoa yai nikalibandika sikioni. Ndani yake mtu alikuwa akigonga, anapumzika, anagonga tena.

Lilichukua hadi kesho yake mchana. Shangazi alikataza katakata mtu yeyote asilimenye, ingawa mkono wake mwenyewe ulikwenda na kurudi mara nyingi. Kifaranga alitoka amelowa, akakauka akawa wa njano mwenye kofia nyeusi kichwani, kama yule dume wa mama. Mzee Maganga aliitwa kutoka sokoni. Alifika na vumbi la magunia mpaka kwenye nyusi, akatazama, akamgeukia Shangazi.

"Mtani, nilisemaje kuhusu maiti wa Kinyamwezi?"

"Umebahatisha," Shangazi alisema.

"Sikubahatisha. Huyu ni wangu. Shahidi ni kikombe."

Akamchukua kifaranga, akamweka ndani ya kofia yake, akatoka naye barabarani. Kwa utani alikuwa na haki hiyo, na mtu mzima yeyote angelijua kwamba atarudi. Mimi sikujua. Nilimfuata peku, nikilia, nikapita katikati ya wachuuzi na mikokoteni, na mtaa mzima ukacheka, hata wale watoto wa shuleni. Alizunguka nyumba mara moja akarudi mlangoni kwetu, akachuchumaa, akaniwekea kifaranga viganjani. Alikuwa haoni tena kichekesho.

"Mtunze," aliniambia. "Mahari yangu nitamdai mama yako siku akifika."

Basi la Utete liliishia mtaa wa tatu kutoka kwetu. Jumatano iliyofuata nilikwenda na kifaranga ndani ya kikapu, nikamwonyesha Saidi. Alitazama ndani ya kikapu kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Ametoka kweli?" aliuliza.

"Ametoka. Mwambie mama."

Alisema atamwambia. Wiki iliyofuata alisema amemwambia, naye atakuja mwezi ukiandama. Mwezi ulipoandama alisema mto umejaa. Nilimsubiri kila Jumatano nikiwa nimefua gauni langu, na kila Jumatano alishuka mlango wa mbele wakati mimi nimesimama wa nyuma. Kisha alikuja kondakta mwingine. Alisema Saidi amehamia basi la Lindi, na kuhusu mama yangu hakuwa na habari yoyote.

Habari niliipata kwa baba. Alipita nyumbani, akanywa chai, akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Alisema mama ameolewa na amehamia Masasi. Nilimuuliza tangu lini. Alitaja muda, na nilipopiga hesabu niliona ni wiki ile ile ya mayai. Niliuliza na bata je. Akasema hajui, pengine waliuzwa. Alinyanyuka, akampita bata wangu koridoni, akamwinamia kidogo, akaondoka kwenda bandarini.

Bata alikua. Alikuwa jike, na majike wa aina ile hawana sauti. Huvuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza kusema, halafu huacha. Alinifuata koridoni, alinisubiri mlangoni nitoke shule, alilala chini ya kitanda changu. Hakuwahi kuona bata mwingine. Alipoanza kutaga, nilichukua tochi ya Mzee Maganga nikamulika kila yai. Doa lilitulia kwenye kitako, zuri, halisogei. Nilishajua kwamba hiyo ndiyo alama njema, lakini ndani yake hapakuwa na kitu, kwa kuwa hakuwa na dume. Shangazi aliyachemsha, akayaunga kwa tui.

Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Niliyoyajua baadaye niliyasoma katika vijitabu vya ufugaji vilivyotandazwa chini kwenye vibaraza vya Kariakoo, vingine bila jalada, nikivilinganisha kimoja na kingine mpaka nikapata maelezo yanayokubaliana. Lile doa ni chumba cha hewa. Kila yai linacho, na katika yai zima kimeshikamana na kitako butu, hakitoki hapo. Yai likitikiswa sana safarini, ngozi ya ndani huachia, na hewa hutangatanga. Yai la namna hiyo linataka kupumzishwa kwa siku nzima kabla ya kupewa joto, lisimamishwe kitako juu, lisigeuzwegeuzwe, na baadaye liegemezwe tu taratibu, upande huu na upande ule. Kifaranga akikosa hewa mahali anapoitafuta, hufa akiwa amekamilika. Sisi tuliona hewa inayotangatanga tukaiita uhai. Mayai yaliyokuwa mazima tukayala, na mabovu tukayapa joto na kuyageuza kwa mapenzi yote. Moja zima lilipona kwa sababu watu wazima wawili walikuwa wakitaniana.

Hiyo ndiyo kazi yangu sasa. Nyumba ile ilivunjwa, na mahali pake pana ghorofa lenye maduka ya nguo chini na stoo juu. Nimepanga chumba ghorofa ya nne ya jengo la jirani, nina mashine tatu za kutotoleshea, na watu huniletea mayai ya bata kutoka Rufiji, Kilosa na Kilombero. Barabara ya Utete imekuwa nzuri kuliko ile ya zamani, na tairi la nyuma ni lile lile. Wateja hunipigia simu saa mbili baada ya mzigo kufika, wakiuliza kama nimeshawasha. Nawaambia mayai yanapumzika. Wengine huona nawachelewesha makusudi. Mchana nafunga mapazia, namulika yai moja baada ya jingine, na yale ambayo hewa yake inatangatanga nayasimamisha kwenye vikombe, trei ya peke yake. Si yote yanayokufa. Mzee Maganga alirudi kwao Tabora muda mrefu uliopita, na siku ya kuondoka alinikumbusha kwamba mahari yake bado.

Masasi nilikwenda nikiwa mtu mzima, kwa nauli yangu. Mama alinipokea vizuri. Alikuwa na watoto wengine, nao walinipa shikamoo. Siku ya pili tulikaa nyuma ya nyumba, yeye akipepeta mchele, nikamuuliza kuhusu mayai ya bata.

"Yapi?"

"Uliyompa Saidi, kwenye katoni ya sabuni."

"Ah, yale. Nilikuwa nauza bata wote, nikaona mayai yasipotee bure. Nikamwambia akupelekee ule. Nilijua wifi hawezi kukunyima chakula, lakini mayai ya kwetu mjini huyapati."

Nilimweleza aliyoyasema Saidi. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Nilikuwa naolewa Ijumaa ile, mwanangu. Ningekujaje?"

 Nilimwona tena Saidi wa siku ile pale koridoni kwa Shangazi, anajifuta uso, ananitazama, anajifuta tena. Mama alipepeta kidogo, akaacha.

"Alitoka hata mmoja?"

"Mmoja."

"Jike au dume?"

"Jike."

"Ungemtafutia dume," alisema.

Asubuhi ya kuondoka alinishika mkono akaniachia nauli ya kurudia, nami nikaipokea. Mama hakuwahi kufika Kariakoo. Sikumwambia kwamba alikuwa akisubiriwa, wala habari ya kanga. Shangazi alipofariki, mimi ndiye niliyepanga vitu vyake. Doti ile nyekundu na nyeusi ilikuwa juu ya kabati pale pale, haijakatwa, haijafuliwa, fundo limekazwa. Nilikumbuka miezi ambayo biashara ya viungo ilikufa, tukanywa uji mchana na usiku, naye akaenda kukopa kwa jirani huku kabati limesimama nyuma yake. Nililifungua fundo mara moja, nikalifunga tena. Ni noti tatu za mia na moja ya hamsini, za aina ambayo hakuna duka linaloipokea tena, na hata zingepokelewa zisingetosha kununua yai moja la bata. Ndiyo iliyokuwa nauli ya Utete wakati ule, kwenda tu. Shilingi mia tatu na hamsini.